Kibangwa Shingoni mwa Masalu

Hivi wewe mzazi, mwanao akilala saa saba mchana hajui kutofautisha "he" na "she", akaamka saa nane anaongea kama mtangazaji wa London, utapiga vigelegele au utamshika mkono mkimbie?

Mama yake Shimba alipiga vigelegele. Tusimcheke. Wazazi wote walipiga, kila mmoja kwa zamu yake.

Shimba alikuwa darasa la nne pale Kingsrock Boys' Preparatory, ile shule yenye ukuta mrefu iliyojengwa juu ya mawe, ukishatoka Usagara unaelekea Kigongo, upande wa ziwani. Shule ya kuchuja. Siku ya interview watoto wanajaa uwanja mzima na tai zimewakaba, wanachukuliwa wa kutosha darasa moja, wengine wanarudishwa kwao kama machungwa yaliyooza. Mtoto wa miaka sita anaulizwa, "Tell us your strengths and weaknesses." Mtoto wa miaka sita ana weakness gani zaidi ya kukojoa kitandani? Lakini wazazi wanapanga foleni, maana nchi hii imetufundisha kwamba mwenye Kiingereza ndiye mwenye akili, na sisi tusio na kazi ndio ushahidi kwamba hata hicho hakitoshi.

Shimba alikuwa mnene, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Misungwi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anaigiza walimu kwa Kisukuma mpaka bweni zima linauma mito ili lisisikike likicheka. Kwa hiyo the Shell ilikuwa kama imezaliwa naye.

Unajua mambo ya disc. Kila shule ya English medium inayo ya kwake: kibao, kipande cha mti, hata mfupa. Ukinaswa unaongea Kiswahili au kilugha, unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Kingsrock hawakutumia kibao. Walitumia kibangwa, ndicho walichokiita the Shell, kile kidude cheupe cha mviringo kilichokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini, ambacho zamani watemi na waganga wa Kisukuma walikivaa kifuani. Mafundi walikifukua kati ya mawe walipokuwa wanachimba msingi wa bweni. Mtu mwingine angekirudisha shimoni, akatafuta wazee, akachinja hata kuku. Machibya, mwenye shule, akakitia utepe mwekundu. Wageni wakiuliza, anawaambia, "It's our culture," na wageni wanapiga picha.

Na muhula huo ikaanzishwa quiet hour. Baada ya chakula cha mchana kila mtoto kitandani, mapazia yamefungwa, hakuna kukohoa. Mwenye Shell shingoni analala nayo; usiku tu ndio inafungiwa ofisini, asubuhi anavishwa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Kingsrock, imebandikwa ukutani: any person caught speaking Swahili or vernacular within these walls wears the Shell, no exceptions.

Wa kwanza kulala nayo alikuwa Shimba. Kengele ya kuamka ilipolia, alikaa kitako, akakunja shuka lake pembe kwa pembe, akamgeukia mlezi wa bweni akasema, "Good afternoon, sir. Might I trouble you for a glass of water?"

Bweni likacheka. Walidhani anaigiza. Mlezi naye akacheka, halafu akaacha, kwa sababu Shimba hakucheka. Alikuwa anasubiri maji. Na mto wake ulikuwa na unga mweupe mwembamba pale kichwa kilipokuwa, na mlezi alipougusa na kuweka kidole ulimini, ilikuwa chumvi.

Huyo mlezi aliitwa Nestory. Mwalimu mwenye degree, kijana aliyesota mtaani miaka mpaka nguo za mahafali zikaliwa na mende, akafundisha kwa kujitolea, akaendesha bodaboda, akaandika barua za maombi mpaka kidole kikaota sugu. Kingsrock walipomwita alilia. Siku ya kuripoti Machibya alimwomba vyeti vyake halisi, "for safe keeping", akavifungia kwenye kabati la chuma ofisini. Vyeti vya walimu wote vilikuwa mle. Mwalimu anayetaka kuhama anaambiwa asubiri funguo ipatikane. Wapo wanaosubiri mpaka leo, na wanasubiri huku wanafundisha.

Kitu kimoja tu Nestory alikipata pale cha kujivunia: mtoto wa mfanyakazi aliruhusiwa kufanya interview. Akamleta Masalu, mtoto wa dada yake Rebeka anayekaanga samaki Mirongo. Masalu akapita kwa taabu. Rebeka alimkabidhi mdogo wake mtoto getini na maneno machache: "Nestory, huyu ndiye niliye naye. Usiniletee mwingine." Ndani ya ukuta Masalu alitakiwa kumwita mjomba wake "Sir". Alikuwa anaitikia hivyo huku anatazama chini, ana aibu kwa niaba ya wote wawili.

Siku ya wazazi kutembelea, mama yake Shimba alikuja na mfuko wa karanga. Shimba akampa mkono. "Delighted to see you, mother. I trust the journey was tolerable?" Yule mama akapiga vigelegele, akatoa simu akarekodi, akaita wazazi wengine waje wasikie. Akamwambia arudie. Shimba akarudia, vilevile, pumzi kwa pumzi. Halafu mama akamsogelea akamsalimia Kisukuma kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, akamuuliza kama yuko mhola, kama ni mzima. Mtoto akamtazama. Akamtazama mdomoni, siyo machoni. Mama akashusha simu.

Alipokuwa anaondoka alimvuta Nestory nyuma ya gari. "Mwalimu," alinong'ona, "huyu mtoto ananukia udi. Kwetu hatuchomi udi. Na ananiangalia kama mtu anayekadiria ng'ombe mnadani." Nestory akamwambia watoto hubadilika wakikaa bweni. Yule mama akataka kumchukua mwanawe siku hiyohiyo. Askari wa geti akamwonyesha mkataba aliousaini mwenyewe: hakuna mtoto kutoka katikati ya muhula bila exit pass ya Director, yaani Machibya. Director alikuwa kikaoni. Akaondoka na karanga zake.

Baada ya Shimba akafuata mwingine, na mwingine. Kila aliyelala na kibangwa mchana aliamka amenyooka kama mstari wa rula, anasema "I beg your pardon" na "indeed", anapata alama zote. Machibya akawavisha beji za prefect, akawapa kazi ya kumvisha Shell kila anayenaswa. Waandishi wakaja, wazazi wakaongezeka kwenye foleni mpaka Geita. Na wale ambao hawajaguswa wakaacha kuongea kabisa, kwa sababu Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha na Kiswahili kilikuwa na hatari. Jioni ungewaona wanacheza mpira pale uwanjani juu ya ziwa, na hakuna anayeita pasi, hakuna anayebisha goli, unasikia buti na pumzi tu, na wale wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi huko mbele, na harufu inayokuja na upepo siyo ya tope wala dagaa wa ziwa letu la maji baridi, ni harufu ya bahari, chumvi, bahari ambayo wengi wa watoto wale hawajawahi kuiona.

Kuna mtoto alijaribu kusema. Alienda kwa mwalimu wa Kiingereza akasimama wima: "Teacher, there is a person, but he is not person, he is under the bed, he is eating my... my..." Neno hakulijua. Akaambiwa akatafute kwenye dictionary ndipo arudi. Alipopata zamu ya kulala na kibangwa hakuwa na haja tena ya kutafuta.

Nestory alijiambia ni hali ya hewa. Akajiambia ni malaria. Mtu mwenye vyeti kabatini ana uwezo mkubwa wa kujiambia mambo. Mpaka mchana mmoja wa quiet hour alipokuwa anapita kati ya vitanda, pekupeku kama sheria inavyotaka, bati juu linalialia kwa joto, mapazia yamefanya chumba kizima kiwe rangi ya maji ya kisima, akasikia sauti inatoka chini ya kitanda cha mtoto aliyevaa Shell, sauti ya taratibu, ya mtu anayeonja: "Mayu... ugali... nipe... naogopa... mayu..." na alipoinama akakuta chini ya kitanda hakuna kitu isipokuwa kandambili mbili, na alipoinuka akaona midomo ya mtoto inacheza bila kutoa sauti, inacheza sambamba na yale maneno, kila neno likitoka kule chini midomo inakamilisha umbo lake halafu inafungwa, kama mlango wa chumba kilichokwisha hamwa.

Alitaka kumwamsha. Mkono wake ulifika nusu. Akafikiria kabati. Akarudi kukaa kwenye kiti chake mlangoni, akatazama vidole vyake mpaka kengele ikalia.

Siku iliyofuata, asubuhi, mlango wa darasa ulimbana Masalu kidole. Mtoto wa miaka tisa akibanwa na mlango anaita nini? Akamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu!" Darasa lote likageuka. Shimba, beji kifuani, akatembea polepole mpaka kwake. "Terribly sorry, old chap," akasema, akamvisha.

Nestory alipoyapata hayo alikwenda ofisini bila kubisha hodi.

Machibya alikuwa anasoma gazeti. Alikuwa mtu wa suti hata kwenye joto la Machi, mtu ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili. Nestory akaanza kwa Kiingereza, kwa heshima zote, kwamba anaomba kibangwa kivuliwe kwa mtoto mmoja tu, leo tu. Akamalizia kwa Kiswahili: "Mzee, shikamoo. Yule ni mtoto wa dada yangu. Kile kitu siyo pambo."

Machibya akakunja gazeti. Akainuka, akafunga dirisha. Na aliporudi kukaa alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka chenye lafudhi ya kwao Magu, laini, cha mtu aliyelelewa na bibi.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Unadhani sijui? Kile ni cha babu yangu. Shamba hili lilikuwa lake, alikuwa mfumu, mganga mkubwa, watu wanatoka Ukerewe kumfuata. Kibangwa kilipanda kutoka pwani na wafanyabiashara, na jini lake ndani. Linakula lugha ya nyumbani, linaacha ya mkubwa. Wakati huo mkubwa alikuwa Mwarabu, likawa linawapa watu Kiarabu. Mjerumani alipokuja likabadilisha lenyewe, hakuna aliyelifundisha. Linajua mkubwa ni nani. Babu akalifunga akalizika kati ya mawe, akaagiza pasiongelewe kitu pale juu."

Nestory akauliza kwa nini, kama aliyajua hayo, alijenga bweni palepale.

"Babu alilifunga kwa sababu hakuwa na matumizi nalo," Machibya alisema. "Mimi ninayo."

Nestory akamuuliza watoto wake mwenyewe wanasoma wapi. Machibya akatabasamu, kama mtu aliyesifiwa shati. Akasema wako Magu kwa bibi yao, shule ya kata, wanachunga na kuimba. Halafu akarudi kwenye Kiingereza chake, akamweleza Mr. Nestory kwamba nafasi ya academic master ingekuwa wazi hivi karibuni, kwamba mpwa wake angekuwa na future nzuri sana, na kwamba afunge mlango akitoka.

Nestory alimtoa Masalu darasani, akaenda naye moja kwa moja getini. Askari, mzee wa watu mwenye watoto wake naye, hakuwatazama usoni. Akasema hana funguo, funguo iko kwa Director mpaka jioni, na ukuta una waya wa umeme juu, mwalimu anajua. Simu za walimu zilikuwa ofisini kama kila siku. Masalu hakulia. Alishika kibangwa kwa mikono miwili ili kisimpige kifuani akitembea, akauliza kwa kunong'ona, kwa Kiingereza chake kilichovunjika, "Sir, it will pain?"

Kumvua tu kusingesaidia, prefect wangemrudishia palepale. Kulikuwa na njia moja ya kawaida: Masalu amnase mwenzake. Nestory aliifikiria, tusiseme hakuifikiria. Alitazama wale watoto wamejipanga kwenye mstari wa chakula, midomo imebanwa, kila mmoja anamkwepa Masalu kama mgonjwa wa ukoma, na akajua kwamba kumfundisha mtoto kumtega mwenzake ili aliwe badala yake kungekuwa kumpeleka kulekule kwa njia nyingine.

Basi chakula kilipokuwa katikati alipanda juu ya benchi. Director mwenyewe alikuwa meza ya mbele na wageni wawili. Nestory akaongea Kisukuma kwa sauti ya mnadani. Aliwasalimia watoto wote salamu ndefu ya asubuhi, akawauliza kila mmoja ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, ng'ombe wamelalaje. Akahamia Kiswahili, akamtukana mpishi kwa maharage yake, akasimulia alivyoanguka na bodaboda Mirongo mbele ya mchumba. Watoto wawili watatu wakacheka kabla hawajajizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika mle ndani baada ya muda mrefu, na kilisikika kama kitu kimevunjika.

Halafu akashuka, akaenda kusimama mbele ya Shimba. "Sheria inasema any person," alimwambia. "Nimeongea. Nivishe."

Shimba akamtazama Director. Wageni nao walikuwa wanatazama, mmoja ameshika kamera. Machibya akatikisa kichwa kidogo kukubali. Kibangwa kikatoka shingo ya mtoto kikaingia shingo ya mjomba. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake, na cha moto upande mmoja tu.

Kengele ya quiet hour ikalia. Nestory akalala kwenye kitanda cha mlezi, mwisho wa bweni, kitanda cha Masalu kikiwa cha pili kutoka kwake. Wakatazamana mpaka pazia la mwisho lilipofungwa.

Bati likaanza kulialia. Udi ukaja kwanza, mwembamba, kama unatoka ndani ya godoro lenyewe, na nyuma ya udi ikaja chumvi, na nyuma ya chumvi sauti za maji mengi yanayovuta kokoto, na Nestory akataka kugeuza shingo akakuta shingo si yake, akataka kufumba macho akakuta kope hazishuki, akabaki anatazama dari wakati upande wa kushoto wa godoro unabonyea taratibu kama mtoto ameketi pale, mtoto mnene, halafu vidole viwili vyenye maji vikamfungua mdomo kwa upole, kama mama anayetazama jino linalotikisika, na sauti ikamsemesha sikioni, na sauti hiyo alikuwa anaijua, ilikuwa sauti ya Shimba yule wa zamani, Shimba wa vichekesho, yenye mikwaruzo na utani wote wa Misungwi ndani yake, iliyokuwa imetafutwa na mama mzima ikakosekana, kumbe ilikuwa huku, inatumika.

"Tuone mwalimu ana nini humu," ilisema kwa Kisukuma.

Vikaingia. Alivisikia vinapekua chini ya ulimi, nyuma ya koo, chini zaidi, mahali ambapo mtu huwa hajui kama ana mahali. Alijaribu kujikaza avipe vya bibi yake, hadithi za sungura, nyimbo za kulimia, chochote vishibe vimwache mtoto, lakini kila alichokivuta kilikuja mwanzo tu, mstari mmoja, kisha kinafuatwa na Dear Sir or Madam, na I hereby apply, na with reference to your advertisement, na Yours faithfully, marundo kwa marundo, makaratasi ya mbao za matangazo na kumbi za mitihani yaliyolowana na kushikamana, na vile vidole vinayachambua vinayatupa, vinachambua vinatupa, kwa haraka ya mwenye njaa, mpaka vikasimama.

"Ah," sauti ikasema, na ilikuwa na masikitiko ya kweli. "Huyu alishaliwa." Godoro likainuka kidogo. "Nani alinitangulia hapa?"

Kisha hakukuwa na kitu. Bati, joto, nzi. Kengele ikalia.

Nestory akakaa kitako. Akatikisa mikono. Akasema jina lake kwa sauti, akasema jina la dada yake, akasema Mirongo, na yote yalitoka kwa Kiswahili kilekile cha jana. Mto ulikuwa mkavu. Kibangwa kilikuwa kimepoa kama sahani. Watoto walikuwa wanainuka kwenye vitanda wanamtazama, na kitu kilianza kupita kwenye nyuso zao, kitu kama matumaini, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kulala nacho akaamka ni yeye.

Masalu ndiye alikuwa wa kwanza kushuka. Alikimbia pekupeku kati ya vitanda akamrukia mjomba wake kiunoni, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamkagua.

"Mjomba," alisema, mbele ya bweni zima, "mjomba, bado ni wewe?"

Alijisikia mwenyewe. Nestory aliona ile furaha inakwama usoni pake. Akamziba mdomo kwa kiganja, kama vile neno linaweza kurudishwa. Kutoka upande wa mlango, kiatu kwa kiatu, bila haraka, Shimba akaja. Alikivua kibangwa shingoni mwa mwalimu kwa adabu kubwa. Nestory alikishika. Prefect wengine wakaja, wote wale walionyooka, wakamshika vidole, mmoja mmoja, watoto wa miaka kumi wenye nguvu za mabaharia, wanasema "Excuse me, sir" na "Do let go, sir", wakavifungua.

"I'm afraid it is the rule," Shimba akamwambia Masalu, akamvisha.

Jioni ile Nestory alitolewa nje kwa kuvunja nidhamu mbele ya wageni. Begi lake lilirushwa juu ya ukuta. Vyeti vilibaki kabatini. Alifika Mirongo giza limeingia, akamkuta Rebeka anazima jiko, na hakuwa na namna ya kulianza lile jambo isipokuwa kusema, "Dada, sikumtoa."

Rebeka hakuuliza mara mbili. Kabla ya mapambazuko walikuwa barabarani. Polisi wakasema suala la mkataba wa shule siyo la jinai, na walipotajiwa jini wakaangaliana. Afisa mmoja wa elimu akawaambia, kwa heshima tu, kwamba shule ile ina matokeo mazuri kuliko zote na mama angeshukuru. Padri akasema atasali. Mganga mmoja wa Usagara aliposikia ni kibangwa kipi aliweka mkoba wake chini, akasema aliyekizika ndiye aliyekijua, na mjukuu wake yupo, muulizeni yeye.

Kwa hiyo sasa Rebeka yuko getini. Ameegemeza paji la uso kwenye vyuma, mikono bado inanuka mafuta ya samaki. Kupitia nafasi ya geti anamwona mwanawe kwenye mstari wa kuingia bwaloni, kitu cheupe kifuani, anamwita kwa sauti ndogo ili asimponze, na mtoto anageuka, anainua mkono nusu, haruhusiwi kujibu. Nestory yuko nyuma yake na jiwe mkononi, na askari ndani anamwomba, mwalimu tafadhali, nina watoto.

Basi hili ni lenu. Wewe Machibya uliyeficha wako Magu. Nyie wa bodi mnaokuja siku ya mahafali kula pilau na kupiga picha. Nyie wakaguzi mnaokagua vyoo na madawati mkaandika "excellent". Nyie mliotufundisha foleni hii. Hatuwaombi kamati, hatuwaombi tamko. Kengele ya chakula imeshalia, iliyobaki ni ile ya kulala. Fungueni hilo geti sasa hivi, mumvue mtoto hicho kitu kwa mikono yenu wenyewe, mumkabidhi kwa mama yake akiwa bado anajua kumwita.